Bei Haisomwi Usoni

Ujumbe umeingia tena wiki hii: "Kaka, kuna Mzungu ameipenda picha yangu. Nimtajie ngapi?" Nimeulizwa hivyo na wachoraji wa Mwenge, wa Oysterbay, na vijana waliomaliza chuo juzi. Jibu langu huwaudhi: mtajie ileile ambayo ungemtajia mwalimu anayeishi mtaani kwako.

Wengi wameaminishwa kwamba sanaa haina bei, bei ni mteja. Mtazame viatu, msikilize lafudhi, tupa namba kubwa, kisha mshuke pamoja. Hivyo huuzwa kinyago kwa mtalii anayepanda ndege kesho. Anayetaka kuishi kwa brashi yake hawezi kuuza hivyo. Wanunuzi wa sanaa Dar es Salaam ni wachache, wanajuana, wanaalikana, na picha hutundikwa sebuleni, ambako wageni huuliza ilinunuliwa kwa ngapi. Siku aliyelipa laki nane atakapoketi kwa aliyelipa laki mbili, picha za ukubwa mmoja, za mwezi mmoja, hutamwona tena, na rafiki zake hutawaona kabisa. Wenye kumbi za maonyesho nao huanza kwa kuuliza umekuwa ukiuza kwa bei gani. Ukiwa na majibu matano, huna jibu.

Linaloniuma zaidi ni mteja asiyehesabiwa. Nimemwona mama akiizunguka picha mara tatu, akaisogelea, akaondoka kimya. Hapakuwa na bei iliyoandikwa, na aliogopa kuaibika kwa kuuliza. Huyo angelipa kwa awamu. Kisha tunalalamika kwamba Waswahili hawanunui sanaa!

Basi bei itoke kwenye kazi. Wachoraji wa Tingatinga wamezoea kupima kwa ukubwa, na hapo wako sahihi. Jumlisha urefu na upana, zidisha kwa kiwango chako, ongeza gharama za vifaa. Picha ya sentimita 60 kwa 80 ina jumla ya 140. Kwa shilingi 2,000 kila sentimita ni 280,000, na vifaa vya 60,000 inafika 340,000. Usizidishe urefu kwa upana: picha ya 120 kwa 160 ingepanda mara nne, wakati kwa kujumlisha inapanda mara mbili tu, na kubwa bado itauzika. Kisha ijaribu bei yako. Ukumbi ukichukua asilimia 40, unabaki na 204,000. Toa vifaa, zimebaki 144,000. Kama ulichora siku tano, ni 28,800 kwa siku. Haikutoshi? Pandisha kiwango sasa, kabla hujatundika.

Mengine ni ya haraka. Bei ya studio na ya ukumbini iwe moja, vinginevyo unamhujumu anayekuuzia. Ukiacha picha kwa mali kauli, andikianeni idadi, bei, asilimia na tarehe ya kulipwa. Kazi ya kuagizwa, chukua nusu kabla ya kununua kanvasi. Anayenunua picha mbili mpunguzie kidogo, na kila mteja apate punguzo hilohilo. Pandisha kiwango mara moja kwa mwaka kama kazi zinatoka, usikishushe. Toa risiti, piga picha kila kazi, andika nani kaichukua. Na kwenye risiti hiyo weka mstari mmoja: picha imeuzwa, hakimiliki imebaki kwa mchoraji, ili usije kuikuta kwenye kalenda ya mtu.