Daftari la Shukrani Si Hirizi

Kila mwanzo wa mwaka ujumbe uleule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: nunua daftari jipya, andika kila asubuhi kwa siku 21 kwamba unashukuru kwa nyumba, gari na mchumba ambao bado hujawapata, nao "ulimwengu" utakuletea. Ikifika Februari, baadhi ya waliotii huja kwangu kuuliza ni sharti gani walilovunja. Hawakuvunja lolote. Waliuziwa uganga uliovishwa suti. Kitabu The Secret cha Rhonda Byrne, kilichotoka 2006 na kuuzwa mamilioni ya nakala, kiliwazoesha wengi kuamini kwamba fikra huvuta vitu, na shukrani ikageuzwa kuwa malipo ya awali. Kuandika kuhusu gari hakuleti gari. Nalikemea jambo hili kwa sababu kushukuru ni zoezi zuri, na wauza ndoto wanalichafua.

Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio yao. Katika mojawapo, watu waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10: kundi moja mambo hadi matano wanayoyashukuru, jingine kero zao, la tatu matukio yoyote yaliyowagusa. Walioshukuru waliyaridhia zaidi maisha yao, wakaingoja wiki inayofuata kwa matumaini zaidi, na malalamiko yao ya maumivu ya mwili yakapungua. Faida ni hizo, na zinatosha.

Anayetaka kuanza ana mambo matatu ya kuamua: lini, nini, na kwa muda gani. "Lini" si tatizo. Andika mara tu baada ya jambo ambalo tayari hulikosi: ukishaosha vyombo vya usiku, ukishaitegesha simu ikuamshe, ukishasali Isha. Wanaosali huniuliza kama sala haitoshi. Sala ni ibada, sina la kuiongezea. Daftari ni zoezi la kuitazama siku yako kwa makini, na aliyeitazama hivyo huenda kusali akijua hasa anashukuru kwa lipi.

"Nini" ndipo wengi wanapokwama. Wanaandika: "Nashukuru kwa afya, familia na uhai." Usiku wa nne wanaandika hayohayo, na mkono unakwenda wenyewe. Moyo huzoea kilichopo kila siku hadi usikione tena. Linganisha na maneno ya mama mmoja muuza samaki: "Konda aliteremka Tandika akanishushia ndoo mbili, maji ya barafu yakamwagikia viatu vyake, dereva anapiga honi. Hakudai hata mia." Mwanasaikolojia Alex Wood na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba shukrani hukua tunapoona mambo matatu: msaada ulikuwa na thamani kwetu, ulimgharimu aliyeutoa, na aliutoa kwa kututakia mema. Yote yamo kwa yule konda. Viatu vilivyolowa ndiyo gharama. Kwa hiyo usiandike "familia"; andika dada yako alifanya nini leo, na kilimgharimu nini.

Lipo jaribio ninalolipenda kuliko yote, na siwezi kulipita. Mwaka 2008 mtafiti Minkyung Koo, pamoja na Timothy Wilson, Daniel Gilbert na Sara Algoe, waliwaomba baadhi ya watu wenye wapenzi waeleze jinsi walivyokutana nao, na wengine waeleze jinsi ambavyo wangeweza kutokutana nao kabisa. Ukiwauliza watu watabiri, wengi hawatarajii kwamba kuwaza hasara kutawafurahisha. Ikawa kinyume: waliomwondoa mpenzi katika mawazo ndio waliotoka wakiuridhia zaidi uhusiano wao. Jaribu mwenyewe kwa rafiki yako wa kidato cha tano. Majina yalipotoka, wewe ulipangiwa shule ya Ilboru. Ungeweza kupangiwa Tabora. Basi fuatilia taratibu: nani angekaa kitanda cha juu yako? Nani angekushauri uache ile tahasusi iliyokuwa inakushinda? Mchango wa msiba wa baba yako angeuzungusha nani? Mkasa wa mlivyojuana umeusimulia mara nyingi hadi unaonekana kama ulikuwa lazima utokee. Ukimwondoa rafiki, unaona kwamba haukuwa lazima hata kidogo. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, kwa mtu mmoja tu, na uandike ukurasa mzima.

Kuhusu muda, sahau siku 21. Namba hiyo imetokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Phillippa Lally wa University College London na wenzake waliwafuatilia watu 96 wanaojenga mazoea. Wastani ulikuwa siku 66, na makadirio yalianzia 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Tena kila siku si lazima: mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky alikuta kwamba waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki ndio waliofaidika, si wale wa mara tatu. Daftari likianza kukuchosha, punguza.

Usilifanye kuwa dawa pia. Mwaka 2021 watafiti David Cregg na Jennifer Cheavens walichambua tafiti 27 za mazoezi haya na kukuta nafuu ya sonona na wasiwasi ni ndogo. Mwenye sonona apelekwe hospitali, asinunuliwe kalamu.

Linaloniumiza zaidi ni shukrani kutumiwa kuwafunga watu midomo. Mfanyakazi hajalipwa mshahara, akiuliza anaambiwa ashukuru ana kazi. Shukrani haifuti deni la mwajiri. Huyo afungue ukurasa wa nyuma wa daftari lilelile, aandike miezi anayodai, kiasi, na nani aliahidi nini tarehe ipi, kisha aupeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, kwa sababu muda wa kuwasilisha mgogoro wa kazi una ukomo.