«Mtu Mwembamba» njo Nani?

Wengi wanafikiri «Mtu Mwembamba» njo jina la mpelelezi Nick Charles. Sivyo.

Filme The Thin Man, ni kusema «Mtu Mwembamba», ilitoka Marekani mwaka wa 1934, kufuata kitabu cha Dashiell Hammett. Mwembamba wake ni mtu aliyepotea. Wanamutafuta, kumbe alikwisha kuuawa. Lakini watu walipenda sana Nick na bibi yake Nora (William Powell na Myrna Loy), wanaochekeshana hata katikati ya mambo ya mauaji. Basi mwaka wa 1936 ikatoka After the Thin Man, «Nyuma ya Mtu Mwembamba». Mwembamba hayuko tena, lakini jina likabaki. Filme ine zilizofuata, mpaka 1947, zilichukua lile jina, na Nick akabebeshwa jina la marehemu.

Ndani ya filme hii ya pili kuko mwingine anayebebeshwa kisicho chake. Kule San Francisco bwana ya Selma anapigwa risasi. Selma, ndugu ya Nora, iko pale na bastola mkononi. Polisi wanasema: njo yeye! David, rafiki yake, anatupa ile bastola majini, sawa vile anamusaidia. Nick anaendelea tu kuuliza, na mwisho inaonekana: David njo muuaji.

Wandugu, mtu akishitakiwa hapa kwetu, tuulize kwanza. Bastola mkononi haitoshi.