Pua ya Difu

Kwenye mashindano ya drag, yaani mbio fupi za magari kwenye mstari ulionyooka, huko Marekani, utamkuta fundi amelala chini ya Dodge Dart ya miaka ya 1960 akiwa na kipimo cha pembe. Injini alishamalizana nayo. Anachokipima ni pua ya difu, pale propela inapoingia, na anataka iwe imeinama digrii 5 au zaidi. Mgeni angedhani ameharibu kazi.

Hajaharibu. Chukua injini yenye msokoto wa Nm 500. Gia ya kwanza ikiuzidisha mara 2.5, na difu mara 4, magurudumu yanapata Nm 5,000. Ekseli nayo inasokotwa kwa kiasi hicho hicho, ila kinyume: magurudumu yakisukumwa mbele, nyumba ya difu hutaka kubingirika nyuma, na pua yake inapanda. Cha kuizuia ni springi za mabapa tu, kama zile za chini ya Hilux. Zikizidiwa hujikunja mfano wa herufi S, kisha hufyatuka. Tairi linashika, linaachia, linashika tena. Mkia wa gari unadundadunda, na hapo ndipo krosi, kiungo cha propela kinachojikunja, hukatika.

Krosi yenyewe ina kituko chake, ambacho Robert Hooke wa Uingereza alikwishakishughulikia katika karne ya 17. Ikikunjwa, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo mmoja. Kwa mkunjo wa digrii 10, kasi hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 1.5, mara mbili kila mzunguko. Propela ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mitikisiko 100 kwa sekunde. Ndiyo maana propela ina krosi mbili: ya nyuma hufuta kosa la ile ya mbele, mradi pua ya difu iwe sambamba na shafti inayotoka kwenye giaboksi.

Usambamba huo, basi, unatakiwa wakati gani? Fundi wa drag anautaka pale mguu unapokandamiza mafuta, si gari likiwa limeegeshwa. Anaiinamisha pua mapema ili msokoto uje kuinyanyua hadi mahali pake.

Chrysler, wenye Dodge, walikwenda mbali zaidi. Ekseli waliifunga karibu na ncha ya mbele ya springi, kipande hicho kikawa kifupi na kigumu, na juu ya pua wakaweka kizuizi cha mpira. Halafu, kwa kuwa msokoto wa propela hulinyanyua gurudumu la kulia, springi za mashindano walizouza zilikuwa ngumu zaidi upande wa kulia. Ukiziona mezani utadhani kiwanda kimekosea kufungasha.

Ekseli ikishikwa kwa vyuma vigumu badala ya mabapa, pua haina pa kupanda sana. Digrii 1 au 2 mara nyingi zinatosha. Na mwenye Hilux aliyeinua gari lake, kisha akaanza kusikia mngurumo chini ya viti, aanze kwa kupima pembe hiyo hiyo kabla hajanunua propela mpya. Huenda dawa yake ni kabari mbili za chuma kati ya springi na ekseli.