Mlango wa kabati usiofunga ni hatari kwa mtoto

WAZAZI wengi hushangaa daktari anapowauliza habari za kabati. Wao wamekuja na mtoto anayekohoa au kutapika, naye daktari anataka kujua kama milango ya makabati ya jikoni hufunga sawasawa. Sababu ni kwamba mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kunywa sumu nyumbani. Katika umri huo amekwisha kujua kutembea, hukipeleka mdomoni karibu kila akionacho, na hajui kwamba harufu kali ni onyo. Mlango uliofungwa anaweza kuupita. Ulioachama hawezi.

Hebu msomaji afungue kabati lake la chini ya sinki atazame. Aghalabu atakuta mafuta taa, dawa ya kutakatisha nguo nyeupe, dawa ya kuzibua mabomba, pengine dawa ya mende au ya panya. Katika nyumba nyingi za mijini hilo ndilo kabati lililo karibu zaidi na mikono ya mtoto, na ndilo ambalo mlango wake huharibika kwanza kwa sababu ya maji yanayovuja.

Mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi 17 akihema mbiombio, nguo zikinuka mafuta taa. "Daktari, mlango huo niliufunga mwenyewe," alisema. Nilimwamini. Kabati lao la nyumba ya kupanga lilikuwa na mlango uliokuwa ukijifungua kwa muda mrefu, nao walikuwa wakiubana kwa karatasi iliyokunjwa. Siku hiyo karatasi ilianguka. Ndani mlikuwa na mafuta taa katika chupa ya soda, na mtoto yule alikuwa anaijua chupa ya soda. Alilazwa hospitalini akiongezewa hewa ya oksijeni, akapona. Si wote wanaobahatika hivyo.

Ubaya wa mafuta taa hauko tumboni sana, uko mapafuni. Ni mepesi mno, hivyo mtoto akipaliwa kidogo tu huteleza hadi mapafuni na kuleta homa ya mapafu. Dawa ya kuzibua mabomba nayo huunguza umio, na kovu linalobaki linaweza kuziba njia ya chakula kwa miaka. Hata vidonge vyekundu vya madini ya chuma wanavyopewa akina mama wajawazito, ambavyo kwa mtoto ni peremende tupu, vinaweza kuua. Kidonge kimoja cha kisukari cha babu, kama vile glibenclamide, kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo hadi akapoteza fahamu.

Sasa, kwa nini mlango hujifungua? Mimi si fundi seremala, lakini nimetazama makabati mengi kuliko madaktari wenzangu, na sababu kwa kawaida ni chache. Ya kwanza ni kabati kuinamia mbele kwa kuwa sakafu haiko sawa. Mlango hufuata mwinamo wenyewe, hata kama bawaba ni mpya. Dawa yake haigharimu kitu: ingiza kipande chembamba cha mbao chini ya miguu ya mbele mpaka kabati liegemee ukuta kidogo.

Ya pili ni skrubu za bawaba kulegea. Makabati mengi ya siku hizi yametengenezwa kwa mbao za vumbi la msumeno lililogandamizwa kwa gundi, nazo zikipata unyevu huvimba na kumong'onyoka. Wakazi wa Mombasa wanalijua jambo hili vizuri zaidi yetu sisi wa bara. Kukaza skrubu katika tundu lililopanuka ni kazi bure. Toa skrubu, jaza tundu vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, acha vikauke hadi kesho yake, kisha rudisha skrubu.

Ikiwa bawaba ni zile zilizofichwa ndani, huwa na skrubu za kurekebishia: moja husogeza mlango kushoto au kulia, nyingine huuingiza au kuutoa. Zungusha robo mzunguko kwa bisibisi, jaribu mlango, uzungushe tena. Kama mlango hushikwa na sumaku, mara nyingi sumaku ni nzima ila haigusani na kibati cha mlangoni. Legeza skrubu zake, isogeze mbele, kaza. Ukinunua mpya, chagua ile iliyofungiwa ndani ya plastiki na kukazwa kwa skrubu. Visumaku vidogo vilivyobandikwa kwa gundi sivipendi kabisa. Mtoto akimeza viwili, huvutana ndani ya utumbo na kuutoboa.

Hata hivyo, mlango unaofunga vizuri bado hufunguliwa na mtoto anayejua kuvuta. Kwa kabati lenye sumu au dawa weka komeo dogo upande wa juu, ambako mkono wa mtoto haufiki, au kufuli. Wapangaji huniambia mwenye nyumba hataki matundu. Basi wafunge vishikio viwili kwa kamba imara kwa muda, na vitu vyenyewe vihamishiwe rafu ya juu kabisa, mbali na kiti au meza ya kupandia. Mafuta taa yasikae kamwe katika chupa ya kinywaji. Na mkoba wa nyanya aliyekuja kutembea, wenye dawa zake za presha, usiachwe kitandani.

Kabati refu la sebuleni lina hatari nyingine. Milango na droo zikiachama, uzito wote husogea mbele, na mtoto akizifanya ngazi, kabati humwangukia pamoja na televisheni. Nimeona mfupa wa paja uliovunjika kwa njia hiyo. Kabati kama hilo lishikizwe ukutani kwa vyuma vya pembe, hata kama itabidi kubishana na mwenye nyumba. Vitu vizito vikae rafu za chini, na kitu kinachomvutia mtoto kisiwekwe juu yake.

Ikitokea mtoto amekwisha kunywa, usimtapishe. Kidole kooni, maji ya chumvi au mafuta ya kupikia huongeza madhara, kwa maana mafuta taa hurudi na kupalia mara ya pili, na dawa kali huunguza umio tena ikipanda. Maziwa hayaondoi sumu, ingawa jirani ataapa kwamba huondoa. Futa kinywa, vua nguo zilizolowa, osha ngozi kwa sabuni na maji, na kama amezimia mlaze ubavu akiwa njiani kupelekwa hospitali.

Usingoje aonekane mgonjwa. Aliyekunywa mafuta taa huangaliwa kwa saa 6 au zaidi kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, na aliyemeza vidonge vya chuma au paracetamol anaweza kucheza kama kawaida wakati ini linaharibika. Akitokwa na mate mengi na jasho, na mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, shuku dawa ya wadudu na umwambie daktari mara moja, kwani ipo dawa ya kuipinga. Beba chupa au pakiti yenyewe, hata kama ni tupu, na mwulize yaya ilikuwa imebaki kiasi gani asubuhi.