CHUO NA SHULE: MIKONO MIWILI INAYOMLEA MWALIMU MPYA

Kila askari anajua kwamba shabaha haifundishwi kwa kitabu peke yake. Kuruta husomewa kanuni za silaha, huonyeshwa vipande vyake juu ya meza, kisha hupelekwa uwanjani, mkufunzi akiwa amesimama nyuma ya bega lake. Hakuna mkuu wa kikosi atakayempeleka mpakani kijana aliyefaulu mtihani wa karatasi tu. Lakini jambo ambalo jeshi lolote lingelikataa, mara kwa mara limekubaliwa katika shule: kijana hutoka chuoni na shahada yake mkononi, akafungua mlango wa darasa lililojaa watoto, akaachwa humo peke yake.

Hivyo basi, inafaa kuuliza: ni nani hasa anayemfundisha kazi mwalimu wa sekondari? Wengi watajibu kwamba ni chuo kikuu. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni shule yenyewe, na katika shule hiyo ni mwalimu mzoefu anayempokea mgeni darasani mwake.

Jiji la Bujumbura limekuwa na historia ndefu ya kutafuta namna ya kuziunganisha nusu hizo mbili. Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kiliundwa mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya uhuru. Mwaka uliofuata, 1965, Serikali kwa msaada wa UNESCO ilianzisha Chuo cha Juu cha Ualimu, kinachojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, ENS, ili kitoe walimu wa shule za sekondari. Mwaka 1973 chuo hicho kiliunganishwa na Chuo Kikuu, nacho Chuo Kikuu kikapewa jina la Chuo Kikuu cha Burundi mwaka 1977. Baadaye kazi ya kuwaandaa walimu ndani ya Chuo Kikuu ilikabidhiwa taasisi yake ya ualimu, iitwayo IPA. Kisha mwaka 1999, vita vikiwa bado vinaendelea na shule zikiwa na upungufu mkubwa wa walimu wenye ujuzi, ENS ilifufuliwa, ikawa tena chuo kinachojitegemea.

Kutengana, kuungana na kutengana tena kwa vyombo hivyo hakukutokea bure. Kila utaratibu una faida na hasara zake. Chuo cha ualimu kinachosimama peke yake hukaa karibu na shule na hujua shida zake, lakini huenda kikabaki nyuma katika maarifa mapya. Chuo kikuu kina maarifa mengi na maktaba kubwa, lakini ni rahisi kumhesabu mwanahisabati kuwa ni mwalimu wa hisabati, ilhali hizo ni kazi mbili. Hata hivyo, uwe ni utaratibu huu au ule, hakuna chuo kinachoweza kuzaa ndani ya kuta zake kitu kimoja: mwalimu aliyekwisha kukaa darasani miaka 20.

Burundi imelijua jambo hilo kwa uchungu. Katika mauaji ya mwaka 1972, walimu wa Kihutu, pamoja na wanafunzi wa sekondari na wa Chuo Kikuu, walikuwa miongoni mwa waliotafutwa na kuuawa, na wengine wengi wakakimbilia nchi jirani. Mwezi Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya Kibimba, katika mkoa wa Gitega, walichomwa moto wakafa. Mwezi Juni 1995 wanafunzi wa Kihutu waliuawa usiku katika mabweni ya Chuo Kikuu huko Mutanga, Bujumbura. Mwaka 1972 wengi wa waliouawa walikufa mikononi mwa watu waliovaa sare za taifa. Na katika mauaji ya Kibimba, aliyehukumiwa alikuwa mkuu wa shule mwenyewe.

Mbali na roho zilizopotea, ambazo hazina fidia, kulikuwa na hasara nyingine isiyoonekana upesi. Mwalimu mzoefu anapouawa au anapokimbia, darasa lake halikosi mwalimu mmoja tu. Vijana wote ambao angewapokea, akawaonyesha namna ya kuliongoza darasa na namna ya kumtambua mtoto asiyeelewa lakini anaona haya kuuliza, nao hukosa mlezi. Chuo kinaweza kutoa mahafali wapya baada ya miaka michache. Mlezi wa mahafali hao huchukua nusu ya maisha ya mtu kukomaa.

Sasa yafaa kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika inapofanyika vizuri. Mwanachuo husoma kwanza somo atakalolifundisha, awe ni wa fizikia, historia au lugha. Husoma pia saikolojia ya mtoto na mbinu za ufundishaji. Baada ya hapo hupelekwa shuleni kwa mazoezi. Siku za mwanzo hafundishi. Huketi nyuma ya darasa akatazama na kuandika. Halafu huandaa somo moja, na andalio lake hukaguliwa na mwalimu mwenyeji kabla hajaingia darasani. Anapofundisha, mwenyeji ndiye anayekaa nyuma. Kengele ikilia, wawili hao huketi pamoja: wapi wanafunzi walimfuata, wapi walimpoteza, kwa nini swali lake halikujibiwa. Polepole huachiwa vipindi zaidi, mpaka darasa zima likawa mikononi mwake. Mhadhiri kutoka chuoni huja kumkagua, na maoni yake hukutanishwa na ya mwenyeji kabla ya alama kutolewa.

Katika utaratibu huo, kila upande una kazi ambayo mwingine hauwezi kuifanya. Mhadhiri anaweza kueleza kwa nini mtoto husahau. Mwenyeji anajua ni mtoto yupi aliyesahau, na kwamba jana hakula. Mhadhiri ameona shule nyingi na anaweza kulinganisha. Mwenyeji ameiona shule moja kila siku.

Utaratibu huharibika pale upande mmoja unapouachia mwingine mzigo wote. Kuna mwenyeji anayefurahi kumpata mwanachuo kwa kuwa sasa amepata likizo. Humkabidhi chaki, asionekane tena. Kuna mhadhiri anayefika mara moja tu, akatazama kipindi kimoja, akaandika alama na kuondoka. Kuna pia utaratibu ambamo sauti ya shule haihesabiwi kabisa katika matokeo, na mwenyeji akajiona kuwa ni mtoaji wa chumba tu. Askari angeuelewa ubaya wa hali hiyo mara moja: ni kama mkufunzi wa uwanjani kunyimwa haki ya kusema kwamba kuruta huyu bado hajawa tayari.

Ushirikiano huo hauishii katika mazoezi. Mwaka 2013 Burundi ilibadili mpango wa elimu, elimu ya msingi ikawa ya miaka 9, na katika madarasa ya juu ya ngazi hiyo masomo yakakusanywa katika nyanja. Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili vikawekwa katika uwanja mmoja wa lugha. Mwalimu aliyefundishwa chuoni kwa somo moja alijikuta mbele ya kazi pana zaidi ya maandalizi yake. Hapo ndipo ionekanavyo kwamba shule ikibadilika, chuo hakina budi kujua mapema. Na chuo kikibadilika, shule isiwe ya mwisho kuambiwa.

Nchi nyingine nazo zimekabiliana na swali hilo. Nchini Kenya, mwaka huohuo wa 1965 ambapo ENS ilianzishwa Bujumbura, kambi ya jeshi la Waingereza iliyokuwa Kahawa, karibu na Nairobi, ilikabidhiwa Serikali na kugeuzwa chuo cha Kenyatta. Mahali askari walipolala, walimu wakaanza kusoma. Na mwaka 1985 chuo hicho kikawa chuo kikuu kamili. Uingereza, kwa upande wake, iliamua mwaka 1992 kwamba katika wiki 36 za mafunzo ya mwalimu wa sekondari baada ya shahada, wiki 24 zitumike shuleni. Burundi haina haja ya kuiga hesabu hiyo kama ilivyo, kwa maana uwezo wa nchi haufanani. Lakini wazo lililomo ndani yake linafaa kupimwa: shule ihesabiwe kuwa mahali pa mafunzo, na mwalimu mwenyeji apewe muda na heshima ya mkufunzi.

Jambo hili linawahusu wanajeshi na polisi zaidi ya wanavyofikiri wengi. Askari wa Burundi walioanza kwenda Somalia mwezi Desemba 2007 waliwaacha watoto wao mikononi mwa walimu. Polisi anayehamishwa kutoka kituo hiki hadi kile huhama na familia yake, na kila mara mtoto wake huanza upya mbele ya mwalimu asiyemjua. Mzazi huyo ana haki ya kumuuliza mkuu wa shule kama mwalimu kijana aliye darasani ana mtu wa kumwongoza.

Lakini wajibu wao mkubwa ni mwingine. Mlolongo wa mwalimu mkongwe kumlea mwalimu kijana hukatika kwa usiku mmoja na huungwa kwa miaka mingi. Chuo hakiwezi kuulinda, wala shule haiwezi. Unalindwa na barabara iliyo salama, na bweni lisiloogopa usiku, na sare ambayo mwanafunzi wa kabila lolote akiiona hakimbii. Panya wakila mbegu ghalani, mkulima hupoteza pia mavuno ya mwaka unaofuata. Na walimu wazoefu ndio mbegu ya taifa.