Chumvi, Moto na Taji la Jua

Siku ya Jumapili, tarehe 3 Novemba 2013, baada ya Alasiri, jua lilipatwa. Wenzetu wa Pakwach katika Uganda lilifunikwa kwao lote kwa sekunde chache. Kwetu Kaagya lilimegwa tu. Katika siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (S.A.W.), lilipatwa vilevile, na watu wakadhani ni kwa ajili ya msiba ule. Mtume akawakataza dhana hiyo, akawafunza kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake, akawaamrisha kusali.

Kijana huuliza: wataalamu wamejuaje yaliyomo juani, hali hakuna aliyefika? Naaingie jikoni kwa mama yake, kwa ruhusa, atie chembe za chumvi katika moto wa kuni. Ndimi za moto zitageuka manjano. Rangi hiyo ni ya sodiamu iliyomo chumvini. Kila elementi ipatapo joto kali hutoa rangi zake yenyewe, na mwanga ukipitishwa katika kioo cha pembe tatu, rangi hizo huonekana kama mistari, kila mmoja mahali pake. Kirchhoff na Bunsen wa Ujerumani ndio walioufanya ujuzi huu kuwa elimu kamili, tangu mwaka 1859.

Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa Bara Hindi. Wataalamu, akiwamo Janssen wa Ufaransa, waliona ukingoni mwa jua mstari wa manjano. Wengine walidhani ni sodiamu ile ile ya chumvi, lakini mstari haukukaa mahali pake. Lockyer wa Uingereza akasema ni elementi isiyojulikana. Ikaitwa heliamu, kwa jina la jua katika Kigiriki. Ramsay hakuipata hapa duniani ila mwaka 1895!

Mwaka 1869 ulionekana mstari wa kijani katika taji, yaani ule mwanga mweupe unaolizunguka jua lililofunikwa. Watu wakabuni elementi nyingine mpya, wakakosea. Miaka 70 baadaye Grotrian na Edlén walibainisha kuwa ni chuma tu, kama cha jembe, kilichopotewa na elektroni 13 katika 26 zake. Hilo halitokei ila katika joto lipitalo digrii milioni moja, na uso wa jua wenyewe una kiasi cha 5,500! Tena madini kama chuma na magnesi mara nyingi huonekana tajini kwa wingi wa mara tatu au nne kuliko usoni, yakilinganishwa na haidrojeni. Sababu ya mambo haya ingali inatafutwa. Chombo cha Marekani, Parker, kiliingia ndani ya taji tarehe 28 Aprili 2021.

Hesabu za falaki zaonyesha kuwa tarehe 2 Agosti 2027 jua litafunikwa lote juu ya Makka kwa kiasi cha dakika tano, na taji litaonekana. Sisi tutaona sehemu tu. Basi wazazi wawazuie watoto kulikodolea macho matupu, wala miwani ya kawaida haitoshi.