Ugatuzi wa Mitandao ya Kijamii: Funzo kutoka Kampala
Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Uganda, Facebook ilifunga akaunti ilizozihusisha na Wizara ya TEHAMA. Serikali nayo ikaufungia mtandao huo. Mtumiaji aliyeko Nakasero alipoteza jukwaa bila kushauriwa na upande wowote. Mitandao iliyogatuliwa, kama Steemit ya mwaka 2016, huhifadhi maandishi katika kompyuta nyingi na kuwalipa waandishi kwa sarafu ya kidijitali. Hata hivyo, uzito wa kura hutegemea sarafu anazomiliki mpigaji. Mwaka 2020 mgogoro wa umiliki ulizaa Hive. Aidha, intaneti yote ilipozimwa nchini tarehe 13 Januari 2021, ugatuzi usingefaa kitu. Kwa hiyo, sera ilinde kwanza njia ya mawasiliano, ndipo ilinganishe majukwaa.